Nikotini inatoka mwilini siku 3, mbona watu wanarudi kwenye fegi wiki ya 3?

#1 Mti_Mkavu

Wakuu, salaam.

Kuna hesabu inanigomea. Nikotini ikishaingia kwenye damu, nusu yake inaondoka kila baada ya saa 2 hivi. Mtu akizima sigara ya mwisho Jumapili saa 4 usiku, Jumatatu saa 4 asubuhi imebaki sehemu 1 kati ya 64. Kotinini, yale mabaki yanayopimwa kwenye mkojo, nusu yake inachukua saa 16 hadi 20, kwa hiyo siku ya nne nayo imekwisha karibu yote. Kaboni monoksidi ndiyo kabisa, siku moja au mbili.

Arosto kali, yale mateso ya mwili kukosa nikotini, ni siku ya 2 na ya 3, hapo hatubishani. Sasa niambieni: mtu amevuka hapo, damu haina kitu, wiki ya 3 anakwenda duka la Mangi kununua moja. Ndugu yangu yuko siku ya 17, alikuwa wa sigara 15 kwa siku, na ameanza wimbo wa "moja tu".

Hoja yangu: baada ya siku 4 hakuna uraibu wa mwili. Kinachobaki ni mazoea. Nipingeni kwa hoja, siyo kwa kejeli.

#2 Kijiwe_Namba5

Kama kejeli hazitakiwi basi mimi nakaa pembeni nasoma.

#3 Takwimu_Tupu

Mti_Mkavu, kabla hujajibiwa, swali lenyewe lirekebishwe. Wengi hawaangukii wiki ya 3. Wengi wa wanaoacha bila msaada wowote wanaanguka ndani ya siku 8 za kwanza. Ukichukua watu 100 walioacha kwa nguvu zao wenyewe, bila dawa na bila ushauri, baada ya miezi 6 hadi 12 utakuta 3 hadi 5 ndio bado hawavuti. Wa wiki ya 3 ni wale waliobaki juu ya chekeche. Swali lako ni zuri, ila usilichukulie kama kwamba wote wanafika huko.

#4 Dawa_Baridi

Niko nyuma ya kaunta ya duka la dawa, kwa hiyo nitaongelea ninachokijua.

Hesabu yako ya damu ni sahihi, Mti_Mkavu. Kosa lake ni kwamba anayedai sigara ni ubongo, damu inasafirisha tu. Moshi ukivutwa, nikotini inafika kichwani ndani ya sekunde 10 hadi 20 na kukaa kwenye vipokezi vyake, yaani sehemu za seli za ubongo zinazoipokea. Mvutaji wa muda mrefu vipokezi hivyo vinaongezeka idadi. Akiacha, havipungui siku hiyo hiyo. Picha za ubongo zinaonyesha vinarudi kwenye idadi ya asiyevuta baada ya wiki kadhaa, kwa wengi kati ya wiki ya 6 na ya 12. Wiki ya 3 bado vipo vingi, vyote vimekaa mdomo wazi.

Ratiba ya arosto ilivyo: inaanza saa chache baada ya sigara ya mwisho, inapanda hadi siku ya 2 na ya 3, kisha inashuka taratibu kwa wiki 2 hadi 4. Hasira na kukosa utulivu vinatangulia kuondoka. Usingizi mbovu unakawia. Njaa ndiyo ya mwisho, inaweza kukaa miezi. Kwa hiyo siku ya 17 ya ndugu yako bado iko ndani ya arosto ya mwili.

#5 Fundi_Saa

Sikubaliani na namba 4, au nikubali nusu.

Sigara 15, kila moja mivuto kama 10. Hiyo ni mivuto 150 kwa siku. Kwa mwaka ni 54,750. Mkono umekwenda mdomoni mara zaidi ya elfu hamsini, na kila mara ukapata malipo ndani ya sekunde 20. Hakuna fundi duniani aliyefanyia zoezi kitu kimoja mara nyingi hivyo.

Na mkono haujifunzi "sigara" peke yake. Unajifunza sigara-na-chai, sigara-na-foleni, sigara-baada-ya-ugali, sigara-na-simu. Kila kimoja kinatakiwa kifutwe peke yake. Chai ya asubuhi inafutika mapema kwa sababu inarudi kila siku. Wiki ya 3 umeshaipita bila sigara mara 20. Lakini msiba, harusi, gari kuharibika njiani, hivyo havitokei kila siku. Mtu anakutana navyo mara ya kwanza bila sigara wiki ya 3 au mwezi wa 2, na hapo anakuwa kama yuko siku ya kwanza.

#6 Mti_Mkavu

Fundi_Saa ahsante, hicho ndicho nilichosema: mazoea.

#7 Dawa_Baridi

Alichosema yeye siyo ulichosema wewe. Wewe umesema hakuna la mwili. Yeye ameongeza juu ya la mwili.

#8 Mama_Kashata

Mbona hakuna aliyeitaja kahawa?

Moshi wa sigara, ile lami yake na siyo nikotini, unalifanya ini liongeze kimeng'enya kiitwacho CYP1A2. Hicho ndicho kinachosaga kafeini. Mvutaji anaisaga kafeini karibu mara mbili ya asiyevuta. Ndiyo maana mvutaji anakunywa vikombe 8 vya kahawa chungu kijiweni na bado analala kama mtoto. Akiacha sigara, ndani ya wiki moja hivi ini linarudi kwenye kasi ya kawaida. Vikombe ni vile vile, ila sasa kafeini mwilini ni kama maradufu. Moyo unakimbia, mikono inatetemeka, usiku macho kodo. Mtu anadhani ni arosto, anakwenda kuitibu kwa sigara.

Dawa yake: siku ya kuacha, punguza kahawa na chai ya rangi kwa nusu. Usikate zote, maana kichwa kitauma na utasingizia sigara tena. Na baada ya saa 9 alasiri usiguse.

#9 Kijiwe_Namba5

Mama_Kashata unataka kutufungia biashara.

#10 Nesi_wa_Zamu

#8 amegusa jambo kubwa kuliko kahawa. Kimeng'enya hicho hicho kinasaga dawa pia. Mgonjwa wa pumu anayemeza aminofilini, au wa akili anayetumia klozapini au olanzapini, akiacha sigara ghafla dozi ile ile inaweza kugeuka kubwa mno. Kwa aminofilini dalili ni kutapika, moyo kwenda mbio, ikizidi degedege. Kwa klozapini ni usingizi mzito, mate kumwagika, naye pia degedege. Asiache kimya kimya: amwambie daktari tarehe ya kuacha kabla haijafika, dozi ipangwe upya.

Na kwa kuwa chanzo ni moshi, plasta au bigijii ya nikotini, zile dawa za kuachia sigara zinazotoa nikotini bila moshi, haizuii hilo. Wa kisukari naye apime sukari mara nyingi zaidi wiki hizo, kwa sababu insulini inaweza kuanza kufanya kazi vizuri zaidi.

#11 Bara_Hindi_Mpya

Wadau mnazunguka. Solution ni rahisi: nyonya ndimu na chumvi kila hamu ikija, halafu tafuna ile bigijii ya nikotini juu yake. Hamu inakatika papo hapo.

#12 Dawa_Baridi

Hapana, hapana. Moja moja ni sawa, pamoja umeharibu.

Nikotini ya bigijii inapenya kwenye ngozi ya ndani ya mdomo pale mate yakiwa hayana uchachu. Watengenezaji wameweka magadi humo kwa kazi hiyo. Ukitanguliza ndimu, soda, kahawa au juisi ya ukwaju, mdomo unakuwa mchachu na nikotini inashuka tumboni na mate. Usile wala kunywa kitu zaidi ya maji dakika 15 kabla ya kutafuna na muda wote iko mdomoni.

Halafu kutafuna kwenyewe. Watu wanaitafuna kama bigijii ya shule. Utaratibu ni huu: tafuna polepole mpaka uhisi inawasha kama pilipili manga, kisha acha, isukume kati ya fizi na shavu, itulie. Muwasho ukiisha, dakika moja hivi, tafuna tena kidogo, hamishia shavu la pili. Dakika 30 imekwisha. Akija mtu kuniambia "inanipa kwikwi na kiungulia" najua tayari: ameitafuna mfululizo na kumeza mate yote.

Dozi: anayewasha sigara ya kwanza ndani ya dakika 30 baada ya kuamka atumie ya miligramu 4, anayechelewa zaidi ya hapo, ya miligramu 2. Wiki 6 za mwanzo moja kila saa 1 hadi 2, wiki ya 7 hadi ya 9 kila saa 2 hadi 4, tatu za mwisho kila saa 4 hadi 8. Zisizidi 24 kwa siku. Kosa la kawaida ni kusubiri arosto ishike ndipo mtu aanze kutafuna. Kwa mdomo inachukua dakika nyingi kufika, siyo sekunde 20. Atafune kwa saa, kama dozi.

#13 Bara_Hindi_Mpya

Sawa mkuu nimeelewa. Ndimu naiweka kwenye samaki.

#14 Pwani_Kavu

Mnasahau Ramadhani. Huku kwetu mvutaji wa pakiti nzima anakaa saa 13 bila hata mvuto mmoja, siku 30. Saa 8 mchana anacheka na watu, anafanya kazi zake. Mwezi mwingine mtu huyo huyo ukimfungia kwenye mkutano saa 2 tu anatokwa jasho. Kama ni vipokezi vya Dawa_Baridi, mbona vinajua kalenda?

Kuna utafiti wa Israeli wa 2010 uliopima wahudumu wa ndege wavutaji. Safari fupi za saa 3 hadi 5 na nusu, na safari ndefu za saa 10 hadi 13. Hamu ilipanda ndege ikikaribia kutua, basi. Mwisho wa safari fupi ilikuwa kubwa kuliko hamu ya saa hiyo hiyo katikati ya safari ndefu. Muda bila nikotini sawa, hamu tofauti. Hamu inafuata mlango: ukijua umefungwa, inalala.

Wiki ya 1 aliyeacha amefunga mlango kwa kufuli. Wiki ya 3 amejiona mshindi, ameuacha wazi kidogo. Hapo hamu inaamka.

#15 Mti_Mkavu

Pwani_Kavu nakununulia kahawa. Nusu kikombe, kwa masharti ya Mama_Kashata.

#16 Nesi_wa_Zamu

Pwani_Kavu, hoja nzuri ila usiipambe. Siku 3 za mwanzo za Ramadhani wavutaji wangapi wanalalamika kichwa? Na magharibi ikiadhiniwa wengine tende moja, sigara mbili. Mchana hawajaacha, wameahirisha. Usiku wanajaza tena, vipokezi havipati hata siku moja ya kupumzika.

Anayetaka kuutumia mwezi huo kuacha kweli, kazi iko kati ya futari na daku. Plasta ya saa 24 inafaa zaidi kuliko bigijii kwa sababu haipiti mdomoni. Suala la funga amuulize sheikh wake, mimi siyo fani yangu.

#17 Wa_Nairobi_Tu

Niaje watu wa uzi. Swali mbili. Mtu apunguze pole pole ama aache mara moja? Na hizi pochi nyeupe za nikotini za kuweka chini ya mdomo, zinasaidia ama ni kubadilisha gari tu?

#18 Takwimu_Tupu

La kwanza lina jibu la namba. Uingereza 2016, wavutaji karibu 700, nusu walipunguza kwa wiki 2 kisha wakaacha, nusu waliacha siku moja. Wote walipewa nikotini ya dawa na ushauri. Baada ya wiki 4, walioacha mara moja 49 kati ya 100 walikuwa bado hawavuti, waliopunguza 39. Baada ya miezi 6 ni 22 kwa 15 na nusu. Kwa hiyo siku moja, ikipangwa vizuri. Lakini asiyeweza kabisa, kupunguza kwa tarehe ya mwisho inayojulikana ni bora kuliko kutoanza. Kupunguza bila tarehe ndiko kunakopoteza watu: anashuka hadi sigara 5, na hizo 5 anazivuta mpaka kwenye kichungi.

#19 Dawa_Baridi

La pochi: zina nikotini, hazina moshi wala lami. Kasoro ni kwamba hazina ratiba ya kushuka kama bigijii ya dawa. Mtu anabaki nazo, au anazitumia ndani ya ofisi na sigara nje ya ofisi. Ugoro na kuberi usiviweke kundi hilo hata kidogo, hiyo ni tumbaku yenyewe na kansa ya mdomo inahusika.

#20 Mzee_wa_Bomba

Au ahamie shisha. Moshi unaoshwa na maji.

#21 Kijiwe_Namba5

Mzee, maji yanapoza moshi, hayauoshi. Hata gari ukilipitisha mtoni injini bado ni ile ile.

#22 Nesi_wa_Zamu

Kijiwe leo umesema la maana. Kikao cha shisha cha saa moja, kiasi cha moshi unaoingia kifuani ni sigara 1 mara 100 au zaidi, na makaa yanaongeza kaboni monoksidi. Kenya waliipiga marufuku Desemba 2017. Tuendelee.

#23 Fundi_Saa

Turudi kwa ndugu wa siku ya 17. Mti_Mkavu hujatuambia anatumia nini.

#24 Mti_Mkavu

Alianza na plasta za miligramu 21. Kwa kuwa ni ghali na hazipatikani kila duka, tangu wiki ya 2 anazikata katikati zidumu. Zinabanduka pia, anafanya kazi ya kubeba mizigo juani. Na usiku anaota ndoto za ajabu.

#25 Dawa_Baridi

Mti_Mkavu, ungesema hivyo post ya kwanza tusingefika ukurasa wa pili.

Sigara moja inampa mtu kama miligramu 1 ya nikotini, wengine zaidi kidogo. Sigara 15 ni 15 au zaidi. Plasta ya 21 iliyokatwa katikati inampa 10 na nusu ikibahatika, na ile inayobanduka saa 6 mchana inampa nusu ya hiyo. Ndugu yako anapewa theluthi ya alichozoea, tangu wiki ya 2. Arosto yake ya siku ya 17 ni ya dozi.

Kwanza asikate. Kuna plasta zenye dawa ndani ya mfuko, hizo ukikata zinamwaga. Na zile ambazo dawa imo kwenye gundi ukikata kipande cha pili kinakauka kikisubiri kesho. Anayevuta zaidi ya 10 kwa siku: ya 21 wiki 6 kamili, ya 14 wiki 2, ya 7 wiki 2. Kama pesa haitoshi, ni afadhali kununua pungufu na kujazia kwa bigijii. Na hata pesa ikiwepo, plasta pamoja na bigijii vinashinda kimoja peke yake: plasta inashika siku nzima, bigijii inazima moto wa ghafla.

Kubanduka: aoge kwanza, ajikaushe kabisa, asipake mafuta ya nazi wala losheni sehemu hiyo. Juu ya mkono, kifuani au mgongoni, pasipo na nywele. Aikandamize kwa kiganja sekunde 10. Kwa mbeba mizigo mgongo unasuguliwa na gunia, kwa hiyo upande wa ndani wa mkono wa juu. Kila siku sehemu mpya, ile ya zamani isirudiwe kabla ya wiki. Ikishatolewa aikunje gundi kwa gundi, atupe mbali na watoto. Bado ina nikotini ya kumdhuru mtoto.

Ndoto: aivue anapolala. Asubuhi atakuwa mtupu, kwa hiyo bigijii moja iwe pembeni ya mto kabla hata ya mswaki.

#26 Pwani_Kavu

Na akivuta ilhali ana plasta? Mtaani wanasema moyo unasimama.

#27 Nesi_wa_Zamu

Hausimami. Akizidisha anapata kichefuchefu, kizunguzungu, moyo kwenda mbio. Wenye maradhi ya moyo ya karibuni na wajawazito waanze kwa daktari. Lakini uvumi huo unaua mipango mingi: mtu akiteleza sigara moja, anabandua plasta kwa hofu, kesho yake ziko tano. Akiteleza abaki na plasta, pakiti iliyobaki iingie kwenye maji, aendelee na siku ile ile.

#28 Kijiwe_Namba5

Nina nadharia yangu na naomba isichekwe. Watu wanaacha fegi tarehe 5, mfuko ukiwa mtupu na majuto yamejaa. Hesabu siku 21. Tarehe 26. Mshahara umeingia, yuko baa, meza ina moto wa nyama na marafiki wanne wanaovuta. Wiki ya 3 ya kwenu ni mwisho wa mwezi tu.

#29 Takwimu_Tupu

Nilitaka kucheka. Sasa sina uhakika.

#30 Fundi_Saa

Pombe ni kweli ipo kwenye sehemu kubwa ya kuanguka, bila kujali tarehe. Inalegeza breki na ilizoea kwenda na sigara. Wiki 4 za mwanzo akwepe baa, au akienda akae meza ya ndani, glasi kwenye mkono uliokuwa unashika sigara, aondoke kabla ya chupa ya pili. Kwa wa mirungi ni hivyo hivyo, pale mtu anakaa saa 5 anatafuna na kila nusu saa anawasha.

#31 Wa_Nairobi_Tu

Miraa bila fegi haiendi, hiyo ni ukweli. Na Kenya sheria ya 2007 hairuhusu kuuza moja moja lakini kioski yoyote utapata. Pakiti nzima mtu angefikiria mara mbili. Moja unanunua na chenji ya ndizi.

#32 Mti_Mkavu

Hapo kwa Mangi ndipo penyewe. Pakiti ya 20 hawezi kuinunua, ameapa. Moja anasema "siyo kuvuta".

#33 Fundi_Saa

Basi kazi ni dakika 5. Hamu moja ikija inapanda, inakaa, inashuka, na kwa kawaida dakika 3 hadi 5 imekwisha uvute usivute. Duka liko umbali gani? Kama ni dakika 2, anafika hamu ikiwa kileleni. Abadilishe njia, apite barabara ya pili hata ikiwa ndefu. Chenji isikae mfukoni.

Mfuko wa shati uliokuwa wa pakiti, augeuze nje na kuukung'uta. Utakuta vumbi la tumbaku kwenye mshono, kila akiinama linanuka. Aweke humo karafuu 5 na kijiti cha mdalasini. Mdomo upewe kazi: karanga, muhogo mbichi, kipande cha muwa. Kiberiti cha gesi kitoke mfukoni kabisa, na kisahani cha majivu nyumbani kisibaki hata kama pambo.

#34 Mama_Kashata

Muwa na karanga sawa, ila wastani wa aliyeacha ni kuongezeka kilo 4 au 5 mwaka wa kwanza. Kwa mbeba mizigo siyo shida. Kwa mtu wa ofisini abadilishe muwa kwa tango au karoti. Na choo kinafunga wiki za mwanzo, kwa sababu nikotini ilikuwa inasukuma utumbo. Papai, maji, maharage.

#35 Bara_Hindi_Mpya

Mimi nilisikia ni sukari kushuka kwenye damu ndiyo inaleta hasira, ndiyo maana peremende inasaidia.

#36 Dawa_Baridi

Peremende inasaidia baadhi ya watu, ila kwa mtu asiye na kisukari sukari haishuki kiasi hicho. Nadhani ni mdomo kupata kazi.

#37 Fundi_Saa

Mdomo, alisema mwenye duka la dawa. Naomba iandikwe.

#38 Nesi_wa_Zamu

Jambo moja linarudisha watu na halijatajwa: kikohozi. Mtu anaacha, wiki ya 2 anakohoa kuliko alipokuwa anavuta, anasema sigara ilikuwa inamlinda. Vinyweleo vidogo vya njia ya hewa vilikuwa vimelazwa na moshi. Vinaamka na kuanza kufagia makohozi yaliyolala humo. Kinaweza kwenda wiki kadhaa. Lakini kikohozi kikizidi wiki 2, au kikija na damu, jasho la usiku, kukonda, asijipe sababu ya sigara, akapime kifua kikuu.

#39 Pwani_Kavu

Vidonge je? Kuna vya kuacha sigara nimesikia.

#40 Dawa_Baridi

Vipo viwili vikubwa, vyote vya cheti. Bupropioni inaanza wiki 1 hadi 2 kabla ya tarehe ya kuacha: miligramu 150 mara moja kwa siku 3, kisha mara mbili, zikiachana saa 8. Mwenye kifafa au aliyewahi kupata degedege haitumii kabisa. Vareniklini inaanza wiki 1 kabla: nusu miligramu mara moja siku 3, nusu mara mbili siku 4, kisha miligramu 1 mara mbili hadi wiki 12. Hii imeze ukiwa umeshiba, kichefuchefu chake si mchezo. WHO waliweka nikotini ya dawa kwenye orodha ya dawa muhimu 2009 na hivi viwili 2021, lakini kuwa kwenye orodha na kuwa kwenye rafu ni vitu viwili.

#41 Takwimu_Tupu

Kwa hiyo mpaka sasa tuna: vipokezi, mazoea, kahawa, mlango wazi, dozi pungufu, mwisho wa mwezi. Mti_Mkavu bado unasema siku ya 4 mwili umemaliza?

#42 Mti_Mkavu

Nasema siku ya 4 *damu* imemaliza. Hilo hakuna aliyelivunja.

#43 Dawa_Baridi

Mbishi wewe.

#44 Wa_Nairobi_Tu

Kwa wa Kenya, namba ya NACADA, mamlaka ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, ni 1192, ni ya bure.

#45 Mti_Mkavu

Ahsante. Nimeongea na ndugu, amepata plasta nzima na bigijii za miligramu 4. Swali la mwisho: leo ameibandika mkono wa kulia upande wa ndani, na hapo hapo ndipo ilikuwa jana. Imeacha alama nyekundu ya mraba.

#46 Nesi_wa_Zamu

Aihamishie kushoto sasa hivi, asingoje kesho. Wekundu wa siku moja au mbili ni kawaida. Ukivimba au ukitoa malengelenge aache plasta, abaki na bigijii.

#47 Kijiwe_Namba5

Na kile kiberiti cha gesi alichotoa mfukoni, kama bado kina gesi, mimi jiko langu linawashwa kwa njiti.